Programu moja, kompyuta tatu, hesabu tatu: kwa nini vifaa vya mtandao havihesabiki sawa

Chukua ofisi ya kawaida pale Area D, Dodoma. Ina swichi mbili, ruta ya MikroTik, kamera za CCTV, printa ya mapokezi, simu za mezani za IP, na wafanyakazi ambao kila mmoja ana laptop na simu mbili. Mtu wa IT amefunga programu ya kusimamia mtandao, zile zinazojinadi kwamba zinafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS bila ubaguzi. Anaiwasha kwenye laptop yake ya Windows, inamwonyesha vifaa arobaini na kitu. Anaiwasha kwenye seva ya Ubuntu iliyo kabatini, toleo lilelile, leseni ileile, inaleta zaidi ya sitini. Bosi anaifungua kwenye MacBook yake, haoni kitu ila kompyuta yake mwenyewe. Kesho yake asubuhi hesabu zote tatu zimebadilika.

Hapo lawama zinaanza kutafuta wa kuangukiwa. Swichi ni feki. Programu ni mbovu. Umeme ulikatika usiku. Kila moja inaweza kuwa kweli siku yake, lakini mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta tatu zimeuliza maswali matatu tofauti, na programu ikayapa majibu yote jina moja: kifaa kipo au hakipo.

Programu ya aina hii haina macho. Inatuma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, na kusubiri atakayejibu, kama mjumbe anayehesabu wakazi kwa kugonga milango: aliyelala, aliyetoka na aliyekataa kufungua wote wanaandikwa hawapo. Mbaya zaidi, nyumba ambayo mjumbe hakuifikia kabisa nayo inaandikwa haina mtu. Kosa hili la mwisho ndilo ninaloliona chanzo cha sehemu kubwa ya vurugu hizi. Programu inashindwa kutenganisha "nimeuliza, sikujibiwa" na "sikuweza kuuliza".

Tuanze na namna ya kuuliza. Swali la uhakika kuliko yote kwenye mtandao wa ndani ni la ARP, itifaki iliyoelezwa mwaka 1982 katika waraka wa RFC 826. Kompyuta ikitaka kumpelekea jirani pakiti ya IPv4, lazima kwanza ipaze sauti: nani mwenye anwani hii ya IP? Mwenye nayo anajibu kwa kutaja anwani yake ya MAC, ile inayotambulisha kadi yake ya mtandao. Kifaa kisichojibu ARP hakiwezi kupokea kitu kutoka kwa majirani zake, kwa hiyo hata kompyuta yenye fayawoli kali, ile kinga inayochuja pakiti, hujibu. Pingi, ule ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", ni habari nyingine. Fayawoli ya Windows, isipoguswa, huzitupa kimyakimya pingi zinazotoka nje. Ofisi ikiwa na laptop thelathini za Windows na programu yako inategemea pingi peke yake, laptop thelathini zinaweza kukosekana kwenye orodha huku wenyewe wamekaa mbele yako wanachapa barua.

Sasa, kwa nini programu isitumie ARP kila mahali? Kwa sababu kutunga pakiti ya ARP mwenyewe kunahitaji ruhusa ambayo mifumo endeshi haigawi ovyo. Kwenye Linux unahitaji kuwa root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote, au programu ipewe uwezo unaoitwa CAP_NET_RAW. Kwenye Windows unahitaji dereva ya ziada, siku hizi Npcap, iliyochukua nafasi ya WinPcap ambayo toleo lake la mwisho lilitoka 2013. Kwenye Mac ni ruhusa ya kufungua faili za /dev/bpf. Kikikosekana kimoja, programu nzuri itakwambia. Nyingi hazisemi; zinarudi chinichini kwenye njia dhaifu na kukuletea orodha fupi yenye sura ya orodha kamili.

Unaweza kuliona hili bila kubadilisha kompyuta. Nmap, chombo kinachojulikana na kila fundi mtandao, ukiiendesha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, kwenye mtandao wako wa ndani hutumia ARP. Iendeshe bila sudo, itajaribu tu kufungua muunganisho wa TCP kwenye poti 80 na 443, milango ya kurasa za wavuti. Printa na kamera zitajibu, hata kama ni kwa kukataa muunganisho, maana kukataa nako ni jibu. Laptop ya Windows yenye fayawoli haitasema chochote. Mashine moja, dakika ileile, orodha mbili. Kama hilo linatokea kwenye mashine moja, tofauti ya Windows na Ubuntu isikushtue.

Kuna ujanja hapa ambao watengenezaji wengi wanausahau. Hata bila ruhusa maalumu, ukijaribu kufungua muunganisho wa TCP kwa jirani, kernel, kiini cha mfumo endeshi, yenyewe hulazimika kuuliza ARP kwa niaba yako. Muunganisho ukishindwa kwa sababu ya fayawoli, jibu la ARP tayari liko kwenye jedwali la majirani. Soma `ip neigh` kwenye Linux au `arp -a` kwenye Windows na Mac mara tu baada ya kuskani, utakuta MAC za wale "wasiokuwepo". Soma mapema lakini, kwa sababu maingizo hayo huanza kuchakaa baada ya muda mfupi. Na kama unaskani mtandao mpana, tuseme wa chuo wenye anwani elfu mbili, kumbuka kwamba jedwali hilo kwenye Linux lina kikomo cha maingizo 1,024 lisiporekebishwa. Likifurika, kernel huandika malalamiko kwenye logi na vifaa vya mwisho vinakosa nafasi. Ukirudia skani, wanaokosa nafasi wanaweza kuwa wengine.

Kisa ninachokipenda zaidi kwenye mada hii kinahusu herufi moja. Programu nyingi za bei nafuu hazitumi pingi zenyewe. Zinaita amri ya ping iliyomo kwenye mfumo endeshi na kusoma matokeo yake. Mtengenezaji anayefanyia kazi Linux ataandika `ping -c 1 -W 1`, maana yake: tuma pingi moja, subiri sekunde moja. Anaijaribu, inafanya kazi, anaihamishia Mac. Mac inaikubali amri hiyo bila kulalamika, ila kwake namba inayofuata -W ni milisekunde. Kifaa kinapewa sehemu moja ya elfu ya sekunde kujibu. Printa iliyochomekwa waya kwenye swichi ileile huenda ikawahi. Simu iliyo kwenye Wi-Fi ya chumba cha pili haiwahi. Ukirudia skani mara tano unapata orodha tano, na mtu wa IT anaanza kubadilisha waya.

Windows nayo ina yake. Huko chaguo ni -n na -w, na amri ya ping inaweza kurudisha alama ya mafanikio hata pale jibu lililopatikana ni kwamba mlengwa hafikiki. Jibu hilo mara nyingi limetoka kwenye kompyuta yako mwenyewe, lakini ping inahesabu kwamba jibu ni jibu. Programu inayotazama alama ya kumaliza peke yake itaandika kifaa kipo, kumbe anwani hiyo haina mtu. Kwa hiyo toleo la Mac linapunguza na toleo la Windows linaongeza. Ukikuta hesabu mbili zinalingana katika mazingira haya, usifurahi haraka. Linganisha majina, si jumla.

Bosi wa MacBook kesi yake ni nyepesi. Tangu macOS 15, iliyotoka 2024, programu inayotaka kuzungumza na vifaa vya mtandao wa ndani lazima iombe ruhusa ya mtumiaji, jambo ambalo iPhone walilianza kwenye iOS 14 mwaka 2020. Dirisha la ombi linatokea mara moja, mtu mwenye haraka anabonyeza kukataa, na kuanzia hapo pakiti zinazuiwa kimya. Ruhusa inarudishwa kwenye mipangilio ya faragha, kipengele cha mtandao wa ndani. Simu zina ugumu zaidi: Android 10 ilizifungia programu za kawaida jedwali la ARP, na iOS ilishaficha MAC za majirani kabla ya hapo. Toleo la simu la programu hizi lisitumike kuhesabu vifaa, basi. Linafaa kwa kutazama hesabu iliyofanywa na mashine nyingine.

Kuna vifaa pia vinavyojitangaza vyenyewe: printa kwa mDNS, televisheni kwa SSDP, kamera nyingi za IP kwa WS-Discovery. Matangazo hayo ni ya kundi na kwa kawaida hayavuki ruta. Laptop yenye kadi kadhaa za mtandao huharibu mambo hapa. Kama umefunga VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kubuni, kuna kadi ya kubuni ambayo kwa kawaida hukaa kwenye 192.168.56.1, na si ajabu programu ikatuma swali lake kupitia kadi hiyo, kwenye mtandao usio na mtu, ikasubiri, ikakata tamaa. Kabla ya kubadilisha chochote, zima kadi za kubuni na VPN, kisha uskani tena. Na kama Wi-Fi ya wageni imewekewa kutenganisha watumiaji, aliye juu yake hawezi kuwaona wenzake hata akitumia chombo gani. Hiyo ni kinga, iache.

Yote haya ni kuhusu kuuliza. Ugumu mkubwa zaidi uko mbele, pale kifaa kikishajibu: huyu ni nani, na ndiye yule wa jana?

Programu nyingi hutambua kifaa kwa anwani ya IP. Kwenye mtandao wa DHCP, ambako ruta ndiyo inayogawa anwani, hilo halina msingi. Ruta ndogo ikizimika umeme wa TANESCO ukikatika, inaweza kusahau ilimgawia nani nini, na umeme ukirudi laptop ya uhasibu inaamka na anwani iliyokuwa ya mtunza ghala. Programu inabandika historia ya huyu kwa yule. Zabbix, kwa mfano, ni programu ya kusimamia mtandao; kanuni yake ya ugunduzi inakuruhusu kuchagua kigezo cha utambulisho, IP au thamani inayosomwa kwa SNMP, itifaki ya kuhoji kifaa kuhusu hali yake, na wengi huacha IP kwa sababu ndiyo inayokuja imechaguliwa.

Basi tumia MAC? Ni afadhali, lakini kila mfumo una mwandiko wake. Windows inaandika 00-1A-2B-0C-4D-5E kwa vistari. Linux inaandika kwa nukta mbili na herufi ndogo. Vifaa vya Cisco vinaandika 001a.2b0c.4d5e. Amri ya arp ya Mac inatupa sifuri za mbele, kwa hiyo kifaa hichohicho kinakuwa 0:1a:2b:c:4d:5e. Programu inayolinganisha maandishi badala ya namba itakiona kifaa kimoja kama vinne, na ikiwa taarifa za kompyuta zote tatu zinaingia kwenye hifadhidata moja, ndiyo maana jumla inazidi hata idadi ya matundu ya swichi. Dawa ni kubadilisha kila MAC kuwa baiti sita kabla ya kuihifadhi. Marekebisho ya mistari michache, na sijui kwa nini bado yanasahaulika.

Halafu kuna MAC za kubuni. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 zilifanya simu zitumie anwani ya kubahatisha kwa kila jina la Wi-Fi, kulinda faragha ya mwenye simu. Kwa jina lilelile la Wi-Fi anwani hiyo kwa kawaida hubaki, lakini iOS 18 ina chaguo la kuibadilisha kila baada ya muda. Fikiria gesti ya Makole wakati wa Bunge la bajeti, vyumba vimejaa na kila ghorofa imepewa jina lake la Wi-Fi. Mgeni akishuka mapokezi kulipa, simu yake inakuwa kifaa kipya. Kama leseni ya programu inahesabiwa kwa vifaa, mwenye gesti analipia simu hiyo mara mbili. Kuzijua ni rahisi: tazama tarakimu ya pili ya MAC, ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani. Baadhi ya mashine za kubuni na kontena, programu zilizofungiwa kwenye mazingira yake, nazo huangukia hapo, kwa hiyo usizifute, zitenge. Simu za wageni zihesabiwe kama idadi ya siku, bila kuandikiwa historia ya kila moja.

Majina nayo ni mtego. Jina la NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina kwenye Windows, lina herufi 15 tu. Umewapa kompyuta mbili majina mazuri yanayoeleweka, DODOMA-MAPOKEZI-01 na DODOMA-MAPOKEZI-02. Hesabu: DODOMA-MAPOKEZI peke yake ni herufi 15 kamili. Namba zote mbili zimekatwa, na kwa njia hiyo kompyuta mbili zinaitwa jina moja. Seva ya Linux inayosoma DNS, orodha ya majina isiyoyakata hivyo, inaona mbili, laptop ya Windows inayosoma NetBIOS inaona moja. Weka namba mwanzoni mwa jina, mambo yaishe.

SNMP ingekuwa mwamuzi mzuri, kwa sababu kifaa chenyewe kinataja aina yake, jina lake na kadi zake zote. Tatizo linaanza kwenye usakinishaji. Huduma ya snmpd kwenye Ubuntu, ukiifunga na kuiacha ilivyo, husikiliza mashine yake mwenyewe tu. Huduma ya SNMP ya Windows nayo hukubali maswali kutoka kwake yenyewe mpaka uiambie vingine. Fundi amefunga zote mbili, ameona zinafanya kazi, na kwenye mtandao zote mbili ni mabubu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, nenda na SNMP toleo la 3. Na ukilazimika kubaki na la 2c, walau achana na nenosiri la "public".

Kitu kingine kinachovuruga hesabu ni umri wa ushahidi. Swichi kwa kawaida husahau MAC iliyonyamaza baada ya sekunde 300. Ruta ya Cisco, isiporekebishwa, hukaa na ingizo la ARP kwa saa nne. Tangazo la LLDP, ambalo kifaa hujitambulisha nalo kwa jirani, hurushwa kila sekunde 30 na hudumu sekunde 120. Printa ikichomolewa saa saba mchana, programu inayosoma jedwali la ruta inaweza kuihesabu mpaka jioni, na inayosoma swichi itaisahau kabla chakula hakijafika mezani. Zote zimesoma sahihi. Kosa ni la programu isiyoandika pembeni: niliiona kwa njia gani, saa ngapi.

Kwa mtu wa IT, ushauri wangu ni kuacha kuskani kutoka kila mahali. Chagua mashine moja iwe ndiyo inayouliza: ya Linux, imechomekwa waya, iko kwenye VLAN (kigawanyo cha mtandao) inayofikia nyingine, imepewa CAP_NET_RAW kwa amri ya setcap badala ya kuendeshwa kama root. Isiwe kontena la Docker kwenye mtandao wa daraja, maana humo ndani haitaona MAC ya mtu. Laptop ya Windows na MacBook ya bosi zifungue ukurasa wa mashine hiyo, zisiulize zenyewe. Kisha ijaribu kwa kifaa kimoja unachokijua. Chukua printa ya mapokezi, anzisha vyombo vya kunasa pakiti, tcpdump kwenye seva na Wireshark kwenye laptop, skani anwani hiyo moja tu. Swali halikutoka? Tatizo ni ruhusa au kadi. Limetoka, jibu halikuja? Fayawoli, VLAN au kifaa kimelala. Jibu limekuja na orodha haina printa? Hapo sasa unayo haki ya kumwandikia aliyekuuzia programu, na umpelekee faili la pakiti, siyo picha ya skrini.

Kwa watengenezaji, na vijana wanaoandika vyombo hivi pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wapo, jambo la kwanza ni kuongeza hali ya tatu kwenye jedwali. Yupo, hakujibu, sikuweza kuuliza. Ikiwa Npcap haipo au macOS imekataza, skrini iseme hivyo kwa maandishi makubwa. Jambo la pili, kifaa kiwe na namba yake ya ndani, na MAC, IP, majina na namba ya kiwandani viwe ushahidi unaoning'inizwa kwake, kila kimoja na uzito wake. Laptop yenye kadi ya waya na ya Wi-Fi ina MAC mbili na bado ni laptop moja. Na msikivu wa pingi mwandike wenyewe au mtumie fping. Kusoma maandishi ya amri za mfumo ni kujitakia.

Zikibaki ofisi za matawi, tuseme Kongwa na Mpwapwa zilizounganishwa kwa VPN, kanuni zinabadilika kwa sababu ARP haivuki ruta. Programu isiyolijua hilo huchukua MAC ya ruta iliyo karibu na kuibandika kwa kila kifaa cha Kongwa, kisha inaviunganisha vyote kuwa kifaa kimoja chenye anwani ishirini. Ukiona hivyo, zima utambuzi wa MAC kwa mitandao ya mbali mara moja, kabla historia haijachanganyika. Baada ya hapo una njia mbili. Unaweza kusoma jedwali la ARP la ruta ya tawi kwa SNMP, ambalo ni bure ila lina ule uzee wa saa kadhaa. Au upeleke kompyuta ndogo kama Raspberry Pi ikae tawini, iulize huko na kutuma majibu makao makuu. Mimi ningeenda na ya pili, mradi iwe na betri ya akiba na saa yake isawazishwe kupitia mtandao kwa NTP. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, na umeme ukikatika zinaamka na tarehe ya zamani; majibu yake yakifika Dodoma yana muhuri wa wiki iliyopita, programu itayatupa kama ushahidi uliochakaa na tawi zima litaonekana limezimika.